Kiazi Kikuu Ndani ya Kichupa

Wiki jana niliwaacha jikoni kwangu: mimi nimesimama na kijiko, siagi imeyeyuka, na picha inatakiwa Accra kabla ya alasiri. Nimeambiwa kuna msomaji aliyelalamika kwamba bibi huyu anakata hadithi makusudi ili watu wanunue gazeti. Hapana, mwanangu. Nilikata kwa sababu ya aibu. Leo nitaisema aibu hiyo, na atakayenicheka acheke akiwa amekaa.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Lamisi, mjane, wa Sagnarigu hapa Tamale. Miaka arobaini nimepika siagi ya shea, ya kupaka mwilini, na wanawake wenzangu. Mjukuu wangu Wunpini anaiuza mtandaoni, ndani ya vichupa vya kahawia vyenye lebo iliyochorwa mkono wangu. Mpiga picha ni mimi. Wunpini akishika simu mkono wake hutetemeka, na wangu, kwa sababu ya kupiga siagi miaka yote hiyo, hautetemeki.

Mmeshasoma simu ya kwanza ilivyozama kwenye sufuria. Mmesoma mbuzi wa jirani alivyotafuna shuka letu jeupe asubuhi ya picha. Mkacheka. Hayo yalikuwa madogo.

Miezi yote ya upepo wa harmatani nilijiona fundi. Vumbi la angani linachuja jua, mwanga unaingia dirishani ukiwa mpole, na baridi ya asubuhi inaishika siagi isimame. Nilikuwa nafuta alama za vidole kwenye kichupa, naegemeza karatasi ya manila upande wa kivuli ili irudishe mwanga, nainua kilele cha siagi kwa njiti ya ufagio, nabonyeza. Basi.

Kisha vumbi likaondoka na joto likaja. Siku ile kila nilipoweka siagi karibu na dirisha, kilele kilianza kuinama, kikalala, kikawa mchuzi. Nilijaribu mara tisa.

Wunpini alikuwa mjini kufuata lebo. Na Madam Efua Baidoo, mwenye duka kubwa la vitu vya ngozi mtandaoni kule Accra, alikuwa anangoja picha moja tu: kichupa kilichofunguliwa, kilele kimesimama. Isipofika, nafasi anapewa mwingine. Mjukuu wangu alikuwa ameifukuzia nafasi ile miaka miwili.

Nikageuka nikaona kinu. Ndani yake kulikuwa na kiazi kikuu nilichotwanga kwa ajili ya chakula cha mchana. Cheupe. Laini. Kinang'aa. Hakiyeyuki hata ukikiweka juani.

Mnajua nilichofanya.

Nilikijaza kwenye kichupa. Nikakipaka mafuta kidogo juu kwa kidole, nikainua kilele kwa njiti. Kikasimama kama kilizaliwa pale. Nikapiga picha sita. Kisha nikaogopa Wunpini asije akakiona, nikakila. Chote. Nikaosha kinu, nikaosha mchi, nikakaa kwenye kigoda kama mtu aliyetoka kusali.

Wunpini aliporudi na kuziona picha alipiga kelele. "Mma! Umefanyaje? Haijayeyuka!"

"Ni mkono tu," nikasema.

Huo ndio uongo wenyewe. Maneno matatu. Akanibusu paji la uso, akazituma, na moja akaiweka kwenye ukurasa wetu mtandaoni.

Jioni ile ile maoni yakaanza kuingia. Wunpini akawa ananisomea huku anacheka.

"Mma, sikia huyu. 'Hii krimu natamani niipake kwenye mkate.'"

"Huyo ana njaa."

"Na huyu: 'Inanikumbusha chakula cha bibi yangu.'"

"Mwambie aende akamsalimie bibi yake."

Nilikuwa najibu haraka haraka, lakini ushahidi wote ulikuwa tumboni mwangu.

Ijumaa Madam akapiga simu. Wunpini akaongeza sauti ili nami nisikie.

"Wunpini, weupe ule! Wote wananiletea shea ya njano njano. Weupe kama huo sijapata kuuona. Naiweka ukurasa wa mbele, leo hii. Jumatatu nipakilie vichupa sita kwenye basi la asubuhi. Alhamisi nakuja mwenyewe kuona mnavyopika."

Simu ilipokatika Wunpini alinibeba. Alinibeba kweli, miguu ikaning'inia.

"Wewe mke mwenzangu, niweke chini, nyonga yangu! Ukinivunja mume wetu alishakufa, nani atanibeba?"

Akaniweka chini. Akacheka, kisha akaifungua tena ile picha. "Mma. Ile ilikuwa nyeupe kweli kweli. Ulitia nini?"

Mlango ulikuwa wazi hapo. Ningeweza kupita na kuwa huru.

"Mwanga," nikasema. "Ni mwanga."

Akanitazama kidogo. "Mwanga," akasema. "Sawa, Mma."

Kumbukeni alivyosema hivyo. Mimi sikukumbuka mpaka Alhamisi.

Jumamosi tukapiga siagi. Wanawake watatu wa kikundi walikuja bila kuitwa, mmoja na mtoto mgongoni, kwa sababu walisikia tuna mgeni wa Accra. Hawakuuliza tutawalipa nini. Waliingiza mikono kwenye beseni wakapiga, wakasuuza kwa maji baridi, wakapiga tena mpaka mabega yakakataa. Siagi ikatoka safi mno. Lakini haikuwa nyeupe. Ilikuwa rangi ya jino la mtu mzima aliyekula vizuri maishani. Hiyo ndiyo rangi yake. Siku zote ni hiyo.

Jumapili mchana akaingia Magazia Barikisu. Magazia ndiye mkuu wetu sisi wanawake wa mtaa, na sauti yake hutangulia kabla mwili haujafika.

"Lamisi! Nasikia unaua watoto wa watu kwa kupiga siagi, na dawa iko sokoni!"

Akafungua pindo la kitenge akatoa kopo. Halikuwa na jina wala maandishi. Akalifungua, na ile harufu ikanipiga usoni. Mkorogo.

"Vijiko viwili kwa sufuria," akasema. "Itakuwa nyeupe kama kanzu ya Idi. Huyo Madam wako atalia kwa furaha."

"Toa hicho kitu nyumbani kwangu."

"Unaogopa nini? Nusu ya Tamale wanajipaka."

"Nusu ya Tamale wanajua wanachojipaka. Atakayenunua kichupa changu hatajua."

"Wewe na usafi wako! Utakufa maskini na mikono laini."

"Watakaoniosha watashukuru."

Wunpini alicheka. Magazia hakucheka. Akaliweka kopo kwenye ukingo wa dirisha, palepale ninapopigia picha, akasema, "Naliacha hapa. Utakapochoka kujidai, lipo." Akaondoka. Simchukii Magazia. Mwaka niliofiwa, yeye ndiye aliyekuja kila asubuhi kuniwashia moto, siku arobaini, na hakuna hata siku moja aliyonikumbusha.

Lakini harufu ile naijua. Dada yangu Hawabu alijipaka mkorogo miaka kumi na minne. Ngozi yake ikawa kama ganda la kitunguu. Walipompasua tumbo, nyuzi hazikushika, kila wakishona panaachia. Kulikuwa na muuguzi mmoja kijana aliyemshika mkono siku tatu zile, zamu yake ikiisha anabaki. Sijui jina lake, na bado namwombea.

"Mma," Wunpini akasema polepole. "Labda kidogo tu? Kwa hivi vya kwanza tu. Baadaye tutamzoesha rangi yetu."

"Mkono ulio kwenye lebo ni wa nani?"

"Wako."

"Basi haitiwi. Haitiwi kidogo, haitiwi sana. Mpelekee Magazia kopo lake."

Akalichukua, akatoka. Alirudi mikono mitupu.

Mnaniona nilivyokuwa hodari? Mkorogo niliukataa kwa sauti kubwa mpaka jirani akasikia. Kiazi nikakinyamazia. Nilimshinda mtoto yule kwa maneno, na jambo moja ambalo lingemsaidia, yaani ukweli, sikumpa.

Jumatatu niliitwa kwenye sherehe ya kumpa mtoto jina, mtaa wa pili. Wunpini alibaki kujaza vichupa. Niliporudi alikuwa ameshafunga kazi, sita ameshavifikisha kwenye basi, vingine amevipanga kwenye boksi na kuliziba kwa gundi ya karatasi.

"Vimeondoka?" nikauliza.

"Vimeondoka, Mma." Alikuwa anaosha mikono. Nakumbuka aliiosha muda mrefu.

Alhamisi Madam akafika.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilitegemea mtu wa pua juu. Lakini alipofika kizingitini alivua viatu bila kuambiwa, akavipanga pembeni ili visimkwaze mtu, akaingia na soksi zake. Nikampa maji. Akanywa yote, na hakutaja shida yake mpaka bakuli lilipokuwa tupu. Huyo alifunzwa na mtu.

"Mama," akaniambia, "vile sita nilivipokea. Sijafungua hata kimoja. Binti yangu Araba amejifungua, mtoto ana siku kumi na mbili. Vyote nimempelekea yeye. Nikamwambia, hii ni shea ya mikono ya bibi, mpake mtoto mwili mzima."

Nikamwombea mtoto maisha marefu. Nilipomtazama Wunpini, alikuwa anatazama sakafu. Nikadhani ni adabu.

Magazia naye alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni kama mlinzi, hataki kupitwa.

"Haya," Madam akasema, akasugua mikono. "Nionyesheni weupe wangu."

Wunpini akachuchumaa mbele ya boksi, akashika gundi kuibandua.

"Ngoja," nikasema.

Nilikuwa nimeamka na neno la kusema tangu alfajiri. Nilikuwa nimetwanga kiazi. Kokwa tatu za kola nilikuwa nimezifunga kwenye pindo la kitenge. Nikazitoa, nikaziweka kwenye kiganja cha Madam. Anajua maana yake, kola hazitolewi kwa mchezo.

"Mama, za nini?"

"Za kuomba radhi. Lakini usizitafune kwanza. Tazama."

Sikuchuchumaa. Nina miaka sitini na minane na magoti yangu nilishayatumia kwa wanaostahili. Nilisimama. Nikaleta kinu hadi dirishani. Nikachota kiazi, nikajaza kichupa, nikapaka mafuta kwa kidole, nikaegemeza manila, nikainua kilele kwa njiti. Nikachukua simu mkononi mwa Wunpini na kupiga picha moja. Nikampa Madam.

Akaitazama. Uso ukamng'aa. "Ndiyo hii! Ndiyo hii hii!"

"Ndiyo hiyo," nikasema.

Nikavuta bakuli la mchuzi wa karanga. Nikachovya vidole kwenye kichupa, nikamega, nikachovya kwenye mchuzi, nikala mbele yake.

Nikalamba vidole.

"Lamisi amerukwa na akili," Magazia akasema kutoka mlangoni. "Anakula krimu."

"Hiki ni kiazi kikuu," nikamwambia Madam. "Weupe ulioupenda ndio huu. Siagi yangu iliyeyuka siku ile nikadanganya. Ukiutaka weupe huu nitakuwekea na mchuzi, ule ushibe. Lakini wa kupaka kwenye ngozi haupo. Shea ya kweli haina rangi hii."

Madam akaweka simu chini taratibu. "Picha ile nimeiweka ukurasa wa mbele."

"Najua."

"Watu wananiamini mimi."

"Najua."

"Unajua jambo hili linaitwaje?"

"Linaitwa uongo, Madam. Hukunikamata, nimeuleta mwenyewe. Niliyejaza ni mimi, niliyepiga picha ni mimi, niliyekula ni mimi. Mtoto huyu hakujua lolote. Ukitaka kulifuta jina la mtu, futa langu. Lamisi. Kuandika jina langu najua, nipe kalamu. La Wunpini usiliguse."

Nikafuta vidole kwenye kitenge, nikaendelea.

"Na nikuambie la pili. Nimeshauriwa niitie siagi kitu ili ifanane na picha yako. Nimekataa, na nitakataa hata ukisimama uondoke sasa hivi. Sitaibadilisha siagi ifuate picha. Picha ndiyo itakayobadilika. Kama duka lako halina nafasi ya shea yenye rangi ya shea, basi tumekutana tu, tumesalimiana, na maji yangu umekunywa kwa heri."

Kuku akaingia, akatutazama, akatoka.

Kisha Madam Efua Baidoo akanyoosha mkono. Akamega kiazi ndani ya kichupa, akachovya kwenye mchuzi wangu, akala. Akatafuna kwa makini kama mtu anayesoma barua.

"Chumvi imepungua," akasema.

Magazia ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko chake kikatushika wote, Madam akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. "Naitoa picha ile leo hii," akasema. "Nitaandika kwamba bibi aliwalisha kiazi. Nanyi mtanipigia ya kweli. Sasa hivi, hapa, nikiona kwa macho yangu. Ikiyeyuka iyeyuke. Nitaiweka hivyo hivyo, na atakayeitaka ataitaka."

Mwaka mzima huu wa mikosi, nikafikiri, umeishia hapa. Nikamgeukia mjukuu wangu nimwone akifurahi.

Hakuwa anafurahi. Alikuwa bado amechuchumaa mbele ya boksi, viganja vyake viwili vimebana kifuniko.

"Leta kichupa, mke mwenzangu. Leta rangi yetu."

"Mma, tutumie ya kwenye sufuria."

"Ya sufuria haina lebo. Madam anataka lebo na mkono wangu. Leta."

"Ya sufuria ni mbichi zaidi, Mma. Itapendeza zaidi."

Hakusogea. Basi nikamsogeza mimi, kwa upole, kwa bega. Nikabandua gundi. Nikachukua kichupa cha juu, cha kahawia, kizuri, mkono wangu umechorwa juu yake. Nikazungusha kifuniko.

Ilikuwa nyeupe. Nyeupe kama kanzu ya Idi.

Chini ya harufu ya shea kulikuwa na harufu nyingine. Chumba cha Hawabu.

"Magazia!" nikasema, na sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

"Wallahi si mimi!" Magazia akaingia ndani mikono juu. "Kwanza kopo langu liko wapi? Tangu Jumapili nililiacha dirishani hapo, halijarudi kwangu!"

Halikurudi.

Nikamtazama Wunpini. Midomo ilikuwa inamcheza kama alipokuwa na miaka sita na amevunja chungu.

"Ni mimi, Mma."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Ukanisikia."

"Nilikusikia. Mma, nilijua ni kiazi."

Nikakaa.

"Tangu siku ile ile," akasema. "Niliporudi na lebo nikakuta umeshakula, kinu kimeoshwa. Tangu nizaliwe hujawahi kula kabla sijarudi. Hata siku moja. Halafu nikaiona picha."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Ijumaa nikakuuliza, ukasema mwanga. Jumapili nikangoja tena. Ukamfukuza Magazia na kopo lake, na kiazi hukukitaja. Nikaona heri niharibu mimi kuliko uaibike wewe mbele ya mgeni. Nilitia sufuria moja tu, Mma. Sufuria moja." Akaanza kulia. "Nilidhani hutasema."

Sikumpiga, sikumfokea. Ningefokea nini? Kila kijiko alichotia, mimi ndiye niliyemshikia sufuria.

"Wunpini," Madam akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ndogo sana. "Vile sita vya Jumatatu. Vilikuwa vya sufuria ipi?"

"Sijui, Madam."

"Hujui vipi?"

"Vyote vilikuwa mezani pamoja. Vichupa ni vya kahawia, ukishafunga huoni ndani. Basi lilikuwa linaondoka. Nilichukua tu vya mbele." Akaficha uso. "Sikujua ni vya mtoto. Nilidhani utavitazama tu, uone weupe."

Madam alikuwa ameshashika simu yake. Vidole vinakosa namba, anafuta, anaanza tena. Nikainuka, nikanyoosha mkono.

"Nipe mimi."

"Mama, ni binti yangu."

"Na mkono ulio kwenye kichupa ni wangu. Nipe niongee naye. Nimeshasema la kwanza leo, na hili nitalisema mimi."

Akanitazama, akanipa. Wunpini alikuja akashika pindo la kitenge changu, kama zamani, nami nikamwachia alishike.

Simu ikaita. Ikapokelewa. Nyuma nilisikia maji yakimwagwa kwenye beseni, na sauti ndogo ya mtoto mchanga, ile isiyojua bado kulia vizuri.

"Araba, mwanangu, mimi ni Lamisi wa Tamale. Bibi wa shea."

"Bibi!" Alifurahi, masikini. "Nilikuwa natafuta namba yako nikushukuru. Tangu Jumanne nampaka, asubuhi na jioni. Namwogesha sasa, nataka nimpake tena."

"Usimpake. Nisikilize kwanza, na usiogope. Kile kichupa unachokitumia kiko karibu?"

"Kiko hapa mkononi. Bibi, kuna nini?"

"Kifungue. Kipeleke dirishani, kwenye mwanga, ukitazame vizuri. Kisha uniambie ni rangi gani."

Nikasikia hatua zake kwenda dirishani. Nikasikia mtoto akikohoa kidogo, mara moja. Kisha kifuniko kikaanza kuzunguka.